Maswali na Majibu: Laptopu ya Linux Ikigoma, Isome Kabla ya Kuipiga Upya

Barua za safari hii zinakaribia kufanana mwishoni: "fundi amesema tupige upya." Kupiga upya, yaani kufuta mfumo na kuuweka tena, ni dawa ya mwisho, na mara nyingi huondoa mafaili yako huku ugonjwa ukibaki palepale. Linux karibu kila inapogoma huandika sababu. Majibu haya ni ya Ubuntu, Linux Mint na Debian. Penye tofauti tumetaja.

Umeme ulikatika, sasa inaishia kwenye (initramfs)

*Poleni na kazi, wahariri. Laptopu yangu betri imekufa, naitumia ikiwa kwenye chaja tu. Juzi umeme ulikatika nikiwa naandika. Uliporudi nikaiwasha, ikaleta maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, mwisho kabisa (initramfs), na haiendelei. Fundi anataka elfu ishirini kupiga mfumo upya, na anasema mafaili yataondoka. Nisaidieni kabla sijampa. — Msomaji, Morogoro*

Usimpe bado. Kwa dalili hizo, uwezekano mkubwa ni kwamba mafaili yako yapo. Linux imefika mlangoni mwa diski, ikakuta hesabu za ndani hazilingani, ikakataa kuingia isije ikaharibu zaidi.

Soma mistari iliyo juu ya neno (initramfs), yaani hatua ya kuwaka kabla diski haijafunguliwa. Tafuta ule unaotaja jina la patisheni (sehemu ya diski), kama /dev/sda2, pamoja na maneno "RUN fsck MANUALLY". Ukiupata, andika amri ya fsck, programu inayokagua na kurekebisha mpangilio wa diski:

`fsck -f -y /dev/sda2`

Weka jina uliloliona wewe, si letu. Kwenye SSD ya NVMe litakuwa kama /dev/nvme0n1p2. Herufi -f inalazimisha ukaguzi kamili, na -y inajibu "ndiyo" kwa kila swali, maana yanaweza kuwa mamia. Diski ya kuzunguka ya GB 500 inaweza kuchukua nusu saa au zaidi, na muda huo wote chaja isichomoke. Ikimaliza, rudia amri ileile. Mzunguko wa pili ukipita bila kusahihisha kitu, andika `exit` na mfumo utaendelea kuwaka. Vipande vya mafaili vilivyopotea majina huwekwa kwenye folda ya lost+found, kwenye mzizi wa patisheni hiyo.

Lakini kuna hali moja ya kusimama kabla ya fsck: ukiona "I/O error" inajirudia, au ukisikia diski inagonga tik-tik. Hapo diski yenyewe inakufa, na fsck itaihangaisha kwa kuandika na kusoma huku na huko. Washa laptopu kwa flashi ya Linux, chomeka diski ya nje yenye nafasi kubwa kuliko diski nzima inayoumwa, kisha, kwenye Terminal (dirisha la kuandikia amri), ukopi kwanza:

`sudo apt install gddrescue`
`sudo ddrescue -d -n /dev/sda /media/nje/diski.img /media/nje/diski.map`

Badala ya /media/nje weka mahali ilipofunguka diski yako ya nje. Faili la .map ndilo linalokumbuka ulipofika. Umeme ukikatika tena, rudia amri hiyohiyo na itaendelea ilipoachia.

Tuseme fsck imefaulu na laptopu imewaka. Kazi haijaisha. Mfumo wa kupanga mafaili wa ext4 una daftari la pembeni: kabla ya kubadilisha mpangilio wa mafaili huandika kwanza inachokusudia kufanya. Ndiyo maana mara nyingi umeme hukatika, ukarudi, na wewe usijue kama kulikuwa na marekebisho. Ikifikia kukuomba fsck ya mkono, ama diski ilidai imeshaandika kumbe bado, ama imeanza kuchoka. Ipime:

`sudo apt install smartmontools`
`sudo smartctl -a /dev/sda`

Tazama namba 5 (Reallocated_Sector_Ct) na 197 (Current_Pending_Sector), safu ya mwisho kulia. Zikiwa 0, vizuri. Ya 197 ikiwa juu ya 0, kuna sehemu diski imeshindwa kuzisoma. Kopi mafaili yako leo, si mwisho wa mwezi. Namba 199 (UDMA_CRC_Error_Count) ni tofauti: ikiongezeka siku hadi siku, mkosaji kwa kawaida ni waya wa diski au soketi yake, na kuchomoa na kuchomeka upya kunaweza kutosha. Fundi akibadilisha diski nzima kwa kosa hili la 199, mteja hulipia kisichohitajika.

Kama skrini haikutaja fsck bali "ALERT! UUID=... does not exist", hilo ni jambo jingine: Linux haiioni diski kabisa. Angalia kama SSD imelegea. Ingia pia kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla ya mfumo kuwaka) utazame mpangilio wa SATA, yaani namna diski inavyounganishwa. Betri ndogo ya ubao mama ikifa, BIOS husahau mipangilio na baadhi ya mashine hurudi kwenye RAID. Irudishe AHCI na diski itaonekana.

Wenye Fedora, msifuate hatua za fsck hapo juu. Fedora ya laptopu hutumia mfumo mwingine wa mafaili, Btrfs, tangu toleo la 33 la mwaka 2020, ambao fsck haiufanyii chochote, na amri ya `btrfs check --repair` si ya kuanza nayo.

Na betri, ndugu yetu. Laptopu isiyo na betri ni kompyuta ya mezani isiyo na UPS. Elfu ishirini hiyo iwe mwanzo wa kununua betri.

Saa inapishana kwa saa 3 kati ya Windows na Mint

*Hamjambo. Nina Windows na Linux Mint kwenye laptopu moja. Nikitoka Mint kuingia Windows, saa iko nyuma kwa saa 3 kamili. Nikiirekebisha, nikirudi Mint nakuta iko mbele. — Msomaji, Kisumu*

Hizo 3 si za kubahatisha. Ndizo zinazotenganisha saa ya Afrika Mashariki na saa ya dunia, UTC. Msomaji wa Lubumbashi angepata tofauti ya saa 2, na wa Muscat saa 4. Ndani ya laptopu kuna saa ndogo inayotembea hata mashine ikiwa imezimwa. Linux huiandikia UTC kisha huongeza 3 inapokuonyesha. Windows huiandikia saa ya ukutani kama ilivyo. Kila mmoja akiingia humkuta mwenzake kaipanga kwa hesabu nyingine.

Kwa Kenya, Tanzania na Uganda tunapendekeza njia fupi, kuiambia Linux ifuate hesabu ya Windows:

`sudo timedatectl set-local-rtc 1`

Itakuonya kwamba hali hiyo huleta shida saa zinaposogezwa kwa ajili ya majira ya joto. Onyo ni la kweli kwa aliyeko London au Chicago, lakini huku kwetu saa hazisogezwi. Walioko huko wairekebishe Windows badala yake, kwenye dirisha la amri lililofunguliwa kama msimamizi:

`reg add "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation" /v RealTimeIsUniversal /t REG_DWORD /d 1 /f`

Chagua upande mmoja tu. Ukifanya zote mbili, saa zitapishana tena kwa upande wa pili.

Kama tatizo si saa 3 bali laptopu inarudi miaka kadhaa nyuma kila ikichomolewa chaja, hapo betri ya ubao mama imekwisha. Utaitambua pia kwa brauza kukataa tovuti zote na apt (kisakinishi cha programu) kulalamika kwamba faili la Release "is not valid yet", yaani kwa kalenda ya laptopu yako sasisho hilo bado halijatolewa. Mara nyingi ni CR2032, lakini kwenye laptopu huja imefungwa plastiki ikiwa na waya mbili na plagi ndogo. Usinunue ya saa ya mezani ukaanza kuichomelea waya. Ulizia yenye waya zake, na uangalie plagi iwe ileile.

Bando la GB 2 limekwisha kabla sijafungua chochote

*Natumia hotspoti ya simu. Niliweka GB 2 asubuhi, nikafungua laptopu yenye Ubuntu kuandika ripoti, saa moja baadaye bando limekata. Sikupakua kitu. Nani kala? — Afisa ugani, Njombe*

Mara nyingi ni masasisho yanayojiendesha, hasa ya snap, aina ya pakiti ambazo Ubuntu huzitumia kwa Firefox na programu nyingine kadhaa. Lakini usituamini, mkamate mwizi mwenyewe:

`sudo apt install nethogs`
`sudo nethogs`

Itakuorodheshea kila programu na kasi inayovuta. Ukiona snapd, yaani huduma ya snap, juu, umempata.

Zuia hivi. Kwanza utambulishe mtandao wa simu kuwa ni wa kulipia kwa kipimo. Simu za Android kwa kawaida hujitambulisha zenyewe, ila si vibaya kuthibitisha. Tazama jina la muunganisho kwa `nmcli connection show`, kisha:

`nmcli connection modify "Jina la hotspoti" connection.metered yes`

Ukate na kuunganisha upya. Masasisho ya usalama ya apt yanayojiendesha huheshimu alama hii. Snap haiheshimu mpaka uiambie:

`sudo snap set system refresh.metered=hold`

Unayetaka snap isijisasishe kabisa, popote ulipo, tumia `sudo snap refresh --hold`. Inarudishwa kwa `sudo snap refresh --unhold`.

Tunaloliomba kwa msisitizo: usizime masasisho ukasahau. Laptopu isiyosasishwa mwaka mzima, yenye brauza ya zamani, ndiyo inayoingia benki na kwenye barua pepe zako. Chagua siku moja ya wiki na mahali penye Wi-Fi isiyohesabiwa, ofisini au chuoni, kisha:

`sudo apt update`
`sudo apt full-upgrade`
`sudo snap refresh`

Amri ya pili husimama na kukuambia ni MB ngapi zitapakuliwa kabla ya kuanza. Ukiona ni nyingi kuliko bando, jibu n.

Kwa ofisi yenye laptopu tano au kumi za toleo moja, kuna njia bora zaidi. Kwenye kompyuta moja isiyohama, sakinisha apt-cacher-ng. Kwenye nyingine unda faili /etc/apt/apt.conf.d/00proxy lenye mistari miwili:

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";`
`Acquire::https::Proxy "DIRECT";`

Anwani iwe ya kompyuta yako hiyo. Kila pakiti itapakuliwa mara moja tu kutoka nje, zilizobaki zitaichukua ndani. Mstari wa pili ni muhimu: bila huo, hazina za programu zinazotumia https zitakwama. Na mtu akienda na laptopu nyumbani, apt itagoma kwa sababu 192.168.1.10 haipo kule. Aondoe faili hilo, au alibadilishe jina liishie na .disabled. Njia hii haihusu snap, ni apt peke yake.

GB 4 za RAM: nikifungua kurasa sita inaganda

*Shikamooni. Ni mwanafunzi, nina laptopu ya mtumba, RAM GB 4, diski ya kuzunguka GB 500. Nikifungua kurasa tano sita za brauza na LibreOffice, inaganda, taa ya diski inawaka mfululizo, kishale hakisogei. Nazima kwa nguvu. Nibadilishe Linux ipi? — Mwaka wa pili, Dodoma*

Marahaba. Usibadilishe Linux kwanza. Hiyo taa ya diski imeshasema kila kitu: RAM imejaa, na mfumo unahamishia vilivyomo kwenye diski ili upate nafasi, kisha unavirudisha, kisha unavihamisha tena. Diski ya kuzunguka ni ya polepole mno kwa kazi hiyo, hivyo kila kitu kinasubiri foleni. Kuzima kwa nguvu kila siku ndiyo njia ya kuishia kama msomaji wetu wa Morogoro.

Anza na kisichogharimu hela, zram. Hii huchukua sehemu ya RAM na kuitumia kubana vitu visivyoguswa kwa muda, badala ya kuvipeleka kwenye diski. Vitu vya kawaida vya brauza hubanika mara mbili hata tatu.

`sudo apt install zram-tools`
`sudo nano /etc/default/zramswap`

Humo ondoa alama ya # na uweke:

`ALGO=zstd`
`PERCENT=50`

Hifadhi, kisha `sudo systemctl restart zramswap`. Hakikisha kwa `swapon --show`: /dev/zram0 iwe na namba ya kipaumbele kubwa kuliko swap ya diski (sehemu ya diski inayosaidia RAM), la sivyo diski itaendelea kutangulia.

Ongeza `sudo apt install earlyoom`. Kazi yake ni kuua programu inayokula zaidi kabla mashine haijaganda. Kwa kawaida utapoteza ukurasa mmoja wa brauza, si ripoti yako. Huamka nafasi ya RAM na ya swap zote mbili zinaposhuka chini ya asilimia 10.

Ukipata hela, tuko upande wa SSD kwanza kama laptopu bado ina diski ya kuzunguka. Ya SATA ya inchi 2.5 yenye unene wa milimita 7 huingia pale pale ilipokuwa diski ya zamani. Lakini tazama kwanza kama kuna nafasi ya RAM iliyo wazi:

`sudo dmidecode -t memory`

Panapoandikwa "No Module Installed" ni soketi tupu, na hapo kipande kimoja cha GB 4 ni ununuzi mzuri kuliko wowote. Panapoandikwa "Row Of Chips", RAM imechomelewa kwenye ubao; sahau kuiongeza. Andika aina unayoiona kwenye mstari wa Type kabla ya kwenda dukani. DDR3 ya laptopu ina pini 204 na DDR4 ina 260, haziingiliani. Wanaokosea zaidi ni wa DDR3 na DDR3L: zinafanana kwa umbo, ila DDR3L hutumia volti 1.35 na DDR3 ya kawaida 1.5. Laptopu nyingi zinazotaka DDR3L hukataa hiyo nyingine, zikawaka taa bila picha, na muuzaji akakuambia ubao umekufa.

Kubadilisha eneo-kazi (madirisha na menyu unazoziona) kutoka GNOME kwenda Xfce iliyo nyepesi kutakuachia mamia kadhaa ya MB. Ni kitu, lakini kurasa sita za brauza zitazimeza.

Wi-Fi haionekani kabisa baada ya kusakinisha

*Nimenunua laptopu iliyotoka Ulaya, nikaweka Mint. Kila kitu kinafanya kazi isipokuwa Wi-Fi, hata alama yake haipo. Bila intaneti nitasakinishaje draiva? — Muuza vipuri, Mombasa*

Chukua simu na waya wa USB, washa kipengele cha kugawa intaneti kwa USB, si hotspoti. Laptopu itaiona simu kama waya wa mtandao, bila draiva yoyote ya ziada. Sasa fanya utambuzi:

`lspci -nnk | grep -iA3 net`
`rfkill list`

Anza na ya pili. "Hard blocked: yes" maana yake kuna swichi pembeni mwa laptopu au kitufe cha Fn kilichozima redio, hakuna amri itakayosaidia mpaka ukibonyeze. "Soft blocked: yes" huondoka kwa `rfkill unblock wifi`.

Kwenye ya kwanza, tazama namba zilizo ndani ya mabano ya mraba. Zikianza na 14e4 ni Broadcom, ambayo ndiyo inayosumbua zaidi. Ya 14e4:4365, kwa mfano, haina draiva ndani ya kerneli (kiini cha Linux). Ubuntu na Mint:

`sudo apt install bcmwl-kernel-source`

Kwa Debian ni `broadcom-sta-dkms` pamoja na `linux-headers-amd64`, na hazina ya non-free (programu zisizo huria) iwe imefunguliwa.

Wengi hufika hapa na kushindwa hatua ya mwisho. Kama Secure Boot (kinga inayokataa programu zisizosainiwa wakati wa kuwasha) imewashwa, utaombwa uunde neno la siri wakati wa kusakinisha. Ukiwasha upya, itakuja skrini ya buluu inayosubiri kwa sekunde chache tu. Chagua Enroll MOK, uandike neno lile. Ukiipita, draiva itakuwepo lakini kerneli itaikataa, na `sudo modprobe wl` itajibu "Key was rejected by service". Rudia usakinishaji, au zima Secure Boot kwenye BIOS. Ila kama Windows ya humo ina BitLocker, yaani imefunga diski kwa ufunguo, usiguse Secure Boot kabla hujahifadhi ufunguo wake wa uokoaji mahali nje ya laptopu hiyo.

Namba zikianza na 10ec ni Realtek. Hizo huonekana, ila RTL8723BE ina ugonjwa wake: hushika Wi-Fi ukiwa chumba kimoja na ruta tu. Laptopu ina antena moja, na draiva inasikiliza tundu lisilo na waya. Iambie ibadilishe:

`echo "options rtl8723be ant_sel=2" | sudo tee /etc/modprobe.d/rtl8723be.conf`

Washa upya. Bila mabadiliko, weka 1 badala ya 2.

Wa Intel, yaani 8086, kwa kawaida hawatuandikii kuhusu Wi-Fi.

Nimeifunga, nimeikuta ya moto na betri sifuri

*Assalaam aleikum. Naifunga laptopu, naitia kwenye begi kwenda skuli. Nikiifungua imeshapata moto na betri imemalizika. Na betri yenyewe haikai tena kama zamani. — Mwalimu, Unguja*

Waaleikum salaam, mwalimu. Kuna usingizi wa aina mbili, s2idle (mwepesi) na deep (mzito). Tazama wako:

`cat /sys/power/mem_sleep`

Jibu likiwa `[s2idle] deep`, mabano yako kwenye s2idle: laptopu inasinzia tu, huku vifaa kadhaa viko macho. Hariri /etc/default/grub, ndani ya alama za kunukuu za GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ongeza `mem_sleep_default=deep`, kisha `sudo update-grub` na uwashe upya. Ijaribu usiku mmoja nyumbani kabla ya kuiamini begini, kwani mashine chache hulala vizuri ila haziamki kwenye deep.

Jibu likiwa `[s2idle]` peke yake, mtengenezaji hakuweka deep. Baadhi ya ThinkPad zina kipengele cha Sleep State kwenye BIOS, kiweke Linux. Kwa nyingine, zima kabisa kabla ya safari.

Kuhusu uchovu wa betri:

`upower -i /org/freedesktop/UPower/devices/battery_BAT0`

Gawa energy-full kwa energy-full-design. Ikiwa ni Wh 31 kwa 48, imebaki asilimia 65 hivi. Kilichopotea hakirudi, ila unaweza kupunguza kasi. Betri ya lithiamu huchoka haraka ikikaa imejaa na ina joto, yaani kwenye chaja mchana kutwa. Kwa ThinkPad na baadhi ya mashine nyingine, sakinisha tlp, programu ya kutunza umeme, na kwenye /etc/tlp.conf weka:

`START_CHARGE_THRESH_BAT0=75`
`STOP_CHARGE_THRESH_BAT0=80`

Halafu `sudo tlp start`. Usiiendeshe TLP pamoja na power-profiles-daemon, programu nyingine ya umeme, zinagombania mipangilio ileile. Palipo na mgao mrefu wa umeme, 80 inaweza kuwa ndogo. Siku hiyo tumia `sudo tlp fullcharge` ikiwa kwenye chaja.

Steshenari hawawezi kusoma flashi yangu

*Naandika CV kwa LibreOffice. Steshenari kompyuta yao inasema flashi ifomatiwe. Ikisoma, kurasa zimevurugika. — Msomaji, Bukoba*

Mwambie mhudumu wa steshenari asibonyeze chochote. Windows ikikutana na flashi ya ext4 huomba kuifomati, na akikubali umepoteza kila kitu. Nyumbani, kopi vilivyomo, kisha uifomati FAT32 au exFAT kwa programu ya Disks. FAT32 haipokei faili moja la kufikia GB 4. Hakikisha unachagua flashi kwa kutazama ukubwa wake, maana sdb ya leo inaweza kuwa sda ya kesho. Na usichomoe mara tu mstari wa kukopi unapoisha. Linux huwa bado inaandika nyuma ya pazia. Bonyeza alama ya kutoa flashi na usubiri.

Kuvurugika kunatokana na fonti. Hati iliyoandikwa kwa Calibri, kompyuta isiyo nayo huweka nyingine yenye upana tofauti, mistari ikahama. Carlito ina upana sawa na Calibri, na Caladea sawa na Cambria:

`sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea`

Kwa CV inayokwenda kuchapwa, hifadhi kama PDF na upeleke hiyo.

Wakati uko hapo, sakinisha pia `hunspell-sw`, kisha uichague Kiswahili kuwa lugha ya hati. Mistari myekundu chini ya kila neno itapungua sana. Kiswahili kwenye programu za ofisi kina historia: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na LibreOffice ilizaliwa kutoka OpenOffice mwaka 2010. Majina ya watu na ya mitaa bado italalamikia. Bonyeza kulia juu ya neno na uliongeze kwenye kamusi yako, halitawekewa mstari tena.